Kapolowe: Sigara moja-moja inavunja nguvu ya wanaoacha tumbako

Kapolowe-Gare, mzee aliyevuta tumbako miaka mingi akijaribu kuacha na kushindwa, watu wanamcheka: «Hana nguvu ya roho.» Si haki. Tumbako iko na nikotini, nayo inafunga mwili. Tena mzee huyo akienda sokoni kutafuta samaki ya ziwa Tshangalele, anakuta mezani sigara inauzwa moja-moja. Bei ya paketi nzima ingemshinda. Bei ya moja haimshindi.

Kongo ilikubali mapatano ya OMS juu ya tumbako mwaka wa 2005. Kifungu cha 16 kinaomba nchi zijikaze kukataza uuzaji huo wa moja-moja, kwani unawarahisishia watoto kununua. Karatasi iko, meza ziko palepale.

Wachuuzi watasema wanalisha watoto. Kweli, lakini chumvi na sabuni pia vinalisha. Na familia za wakimbizi, zinazobanana katika chumba kimoja, baba mmoja akivuta, wote wanavuta.

Mwaka mmoja bila tumbako, hatari ya ugonjwa wa moyo inabaki nusu ya ile ya mvutaji. Wakubwa wa soko waondoe kwanza sigara moja-moja, ndipo wamuulize mzee kwa nini amerudilia.