Alidhani simtaki tena, kumbe ni kidonge

Kila mwezi naingia vyumbani kwa wenzangu, leo naomba niwafungulie mlango wa chumba changu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita niligundulika na saratani ya titi. Nikafanyiwa upasuaji, nikamaliza na tiba nyingine, kisha daktari akaniandikia tamoksifeni miligramu 20, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5. Nikajisemea moyoni, baada ya yote niliyopitia, kidonge kimoja ni kitu gani bwana?

Jamani! Mwezi wa pili haujaisha, saa nane za usiku naamka shuka limeloa kama nimemwagiwa ndoo ya maji. Nawasha feni mwisho, baba watoto anajikunyata kwa baridi. Ofisini, katikati ya kikao, uso unawaka moto. Na lile jambo letu la wawili likageuka adhabu, maana kule kumekauka na kunauma. Kusema nikaona aibu. Nikawa nampa mgongo, najifanya nimelala. Mwishowe mwenzangu akahamia kwenye kochi sebuleni, na niliyajua anayowaza: huyu hanitaki tena, au ana mtu.

Ndipo nikafanya upuuzi. Nikaacha vidonge kimya kimya, wiki 3 nzima. Siku anatafuta panadoli kwenye droo akaziona pakti zangu. "Mama watoto, hizi mbona hazipungui?" Nikalia mpaka nikaishiwa machozi, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwani hilo kochi nalipenda? Mimi nakutaka wewe, tena ukiwa mzima." Kesho yake tukaenda kwa daktari wote wawili.

Daktari alitueleza kwamba saratani nyingi za matiti hulishwa na homoni ya kike, estrojeni. Ndani ya seli kuna protini zinazoipokea homoni hiyo, zinaitwa vipokezi. Tamoksifeni inakwenda kukikalia kiti hicho, homoni ikifika inakuta kuna mtu. Baba watoto akauliza swali ambalo lilikuwa kooni kwangu: "Sasa daktari, kwa nini wasitengeneze dawa inayoshughulika na titi peke yake?"

Kumbe swali hilo limewakosesha wataalamu usingizi kwa miaka mingi! Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, na niliyoyakuta yalinifanya nikiangalie kidonge changu kwa jicho jingine.

Tamoksifeni ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na mkemia mwanamama, Dora Richardson, katika kampuni ya ICI. Walikuwa wanatafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilikubali, kwa wanawake ikafanya kinyume: ikaamsha mayai! Ingeweza kuishia kabatini, lakini ilikutwa inaizuia saratani ya titi, na kuanzia miaka ya 1970 ikawa dawa ya kuokoa maisha. Mtafiti Craig Jordan na wenzake wakaonyesha mwaka 1987 jambo la ajabu: dawa hii inayoizuia estrojeni kwenye titi, kwenye mifupa ya panya ilifanya kazi kama estrojeni na kuilinda. Hiyo ni heri. Shari ni kwamba kwenye mji wa mimba nako hujifanya estrojeni, na inaweza kuleta saratani huko, hasa kwa waliokwisha koma hedhi. Pia huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

Inakuwaje kidonge kimoja kiwe na sura mbili? Fikiria mgeni mmoja anayetembelea nyumba mbili. Huku wenyeji wanamfungia mlango, kule wanamtandikia jamvi. Kila sehemu ya mwili ina protini zake wasaidizi, nazo ndizo huamua kipokezi kilichokaliwa na dawa kinyamaze au kifanye kazi.

Mwaka 1997 wanasayansi walichapisha umbo la kipokezi hicho, walilolipata kwa kutumia eksirei. Estrojeni ikiingia, kipande kimoja cha kipokezi hufunika juu kama mfuniko wa sufuria, na kazi inaanza. Ikiingia raloksifeni, ambayo ni ndugu wa tamoksifeni, ina mkia mrefu unaotokeza nje, sawa na mwiko uliosahaulika ndani ya sufuria. Mfuniko haukai sawasawa. Basi ufundi wote wa kuunda dawa hizi uko hapo: kurefusha mwiko, kuupinda, kuugeuza, mpaka titi linyamaze, mfupa upone na mji wa mimba usiguswe.

Wamefika wapi? Raloksifeni ilipitishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya mifupa. Ikapambanishwa na tamoksifeni kwa wanawake zaidi ya 19,000 waliokoma hedhi, ambao hawakuwa wagonjwa ila walikuwa kwenye hatari ya kupata saratani ya titi. Ilileta saratani chache zaidi za mji wa mimba na damu kuganda kidogo zaidi. Lakini walipofuatiliwa kwa muda mrefu, kinga yake kwa titi ikaonekana ni kama robo tatu tu ya ile ya tamoksifeni. Mwaka 2013 ikapitishwa ospemifeni, kwa maumivu ya tendo la ndoa baada ya hedhi kukoma. Na mwaka 2019 watafiti wa Italia walitoa matokeo ya wanawake 500 wenye dalili za awali, si saratani iliyosambaa: miligramu 5 tu za tamoksifeni kwa miaka 3 zilipunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu, na adha zikawa chache.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo badala ya kidonge changu mimi. Kwa hiyo nimerudi kwenye miligramu 20 zangu. Kilichobadilika ni sisi. Daktari alitushauri vilainishi vya maji, akatuambia zipo dawa zisizo na homoni za kutuliza lile joto. Ila usijinunulie tu dukani, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona huzuia ini lisiipe tamoksifeni nguvu yake. Na mnaodhani hedhi ikiyumba mmepata kinga, mtashangaa! Mimba hairuhusiwi ukiwa kwenye dawa hii, tumieni kondomu au kitanzi kisicho na homoni. Ukiona damu isiyo ya kawaida, mguu mmoja umevimba au pumzi inakatika ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dada yangu, adha zako si deko, wala kaka, mkeo hajakuchoka. Msiache dawa kwa siri, semeni. Daktari hawezi kutibu usichomwambia, na mume naye hawezi kuelewa mgongo.

Baba watoto amerudi chumbani. Feni iko upande wangu, blanketi upande wake.

Tukutane mwezi ujao!