Himbi: Usukani wa kujiendesha usichukue nafasi ya mvuvi

Mtaani Himbi, mjini Goma, jua linapozama wavuvi wa sambaza wanashuka ziwani na taa, nyavu na vidumu vya esanse. Kati ya mazungumzo ya bei ya esanse na giza la mwezi, limeingia jambo jipya: usukani wa kujiendesha, ule ambao wengi wanauita kwa Kifaransa pilote automatique.

Mwenye boti anayeutaka ana hesabu yake. Chombo kikishika usukani, boti itatoka na watu watatu badala ya wanne. Fungu la samaki la mtu wa nne litabaki kwake, na baada ya miezi kadhaa chombo kitakuwa kimejilipa. Mzee mvuvi anayemsikiliza anamjibu kwa upole: « Mwanangu, huyo unayetaka kumwacha nchi kavu ndiye macho ya boti. »

Mzee anasema kweli. Chombo chenyewe si kibaya. Kwenye meli kubwa kinatumika tangu miaka ya 1920, na leo kuna vidogo vinavyoweza kufungwa kwenye boti ya mvuvi. Ubaya uko katika ile hesabu ya kumwondoa mtu.

Kwanza ieleweke kinafanya nini. Ndani yake mna dira ya umeme inayosoma boti imeelekea wapi. Kuna kisanduku kinacholinganisha mwelekeo huo na ule ambao nahodha ameuchagua. Kisha kuna mkono wa umeme, au pampu ya mafuta, unaogeuza usukani kidogo kushoto au kulia mpaka boti irudi kwenye njia. Ni hayo tu. Chombo hakioni mtumbwi usio na taa, hakioni wavu wa jirani, wala hakisikii mtu anayepiga kelele gizani.

Na Ziwa Kivu usiku limejaa vitu hivyo. Sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, anavuliwa gizani kwa mwanga wa taa. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa katikati, na wavuvi wanangoja. Sehemu kubwa ya usiku wao hawasafiri, wamekaa mahali pamoja. Kwa kazi hiyo ya kungoja, na kwa mitumbwi inayoendeshwa kwa kasia, usukani wa kujiendesha hauna la kufanya. Faida yake ni kwa boti ya moteri inayokwenda mbali, kwa mfano upande wa Idjwi, ambako nahodha anashika mpini kwa saa nyingi mpaka mkono unakufa ganzi.

Hata huko, fikiria mtu akianguka majini. Kama nahodha ameshika moteri kwa mkono, atasikia na kugeuza. Kama chombo ndicho kinachoendesha na wenzake wamelala, boti itaendelea moja kwa moja na kumwacha nyuma, katika ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 450. Na kama aliyeanguka ndiye pekee aliyekuwa macho, hakuna atakayejua mpaka asubuhi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini, za mwaka 1972, ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini fundisho lake linafaa Kivu pia: kila chombo kiwe na mtu anayetazama na kusikiliza wakati wote.

Kuna pia swala la mpaka. Ziwa hili ni la Congo na la Rwanda, na juu ya maji hakuna kizuizi wala bendera. Wavuvi wa pande zote mbili wamekwisha kukamatwa kwa kuvuka bila kujua. Wengine wanadhani usukani wa kujiendesha utawaokoa na hilo. Ule wa bei ndogo unaofuata dira peke yake hautawaokoa: utaweka pua ya boti upande uleule, huku upepo ukiisukuma boti nzima pembeni. Anayetaka kujua yuko wapi anahitaji GPS, na mtu wa kuitazama.

Basi mwenye boti anunue nini kwanza? Jibu lilionekana wazi tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, si mbali na Himbi. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya watu waliokuwa ukingoni. Boti ile haikukosa chombo cha kushika njia. Kwa hiyo gilet za kuokolea zitangulie, moja kwa kila mtu, nazo zivaliwe. Zifuate taa ya kuonekana na wengine, kasia za akiba, na GPS. Pesa zikibaki, ndipo usukani wa kujiendesha uzungumzwe.

Na anayeununua aununue kwa akili. Apime uzito wa boti ikiwa imejaa watu, esanse na samaki, kisha achague chombo chenye nguvu zaidi ya hapo kidogo. Kilicho dhaifu kinashindwa mara mawimbi yanapopiga kutoka nyuma. Kabla ya kulipa, fundi athibitishe kwamba kinaendana na usukani uliopo, kwa sababu mkono wa kusukuma mpini na pampu ya usukani wa duara ni vitu tofauti. Dira yake ifungwe mbali na moteri, batri, redio na vyuma, la sivyo itadanganya. Waya uwe mnene wa kutosha, na fiuzi iwe karibu na batri. Batri hiyo isiwe ileile ya taa za kuvulia, maana taa zikiimaliza, chombo kitaacha usukani bila kuaga. Baada ya kufunga, boti izungushwe polepole kwenye maji matulivu ili dira ijirekebishe, na jaribio la kwanza lifanyike mchana.

Mwisho, ile kamba ya kuzimisha moteri, ambayo wengi wanaifunga mahali pa kudumu ili isiwasumbue, irudi kwenye mkono wa nahodha. Akianguka, moteri itazimika na boti itamngoja. Kamba hiyo ni rahisi kuliko chombo chochote.

Vyama vya wavuvi vya Himbi vinaweza kukubaliana juu ya jambo moja: boti ikifungwa usukani wa kujiendesha, idadi ya watu isipungue. Mkono wa nahodha upumzike, lakini macho yake yabaki kazini. Fungu la sambaza la mtu wa nne ni bei ndogo kwa familia zinazongoja asubuhi wote wanne warudi.