Mche wa Matunda Usipandwe Matopeni

Kila mwaka inapokaribia tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, miche hupakiwa magarini na kupelekwa kwenye shule, zahanati na ofisi za vijiji. Nia ya kazi hiyo ni njema, na hapana mpenda maendeleo atakayeipinga. Lakini tarehe moja haiwezi kuwa na maana ile ile kwa kila ardhi ya nchi hii. Katika Wilaya ya Mbinga, Matiri ikiwa miongoni mwa kata zake, Aprili ni mwishoni mwa mvua zilizoanza Novemba au Desemba. Udongo umekwisha kushiba maji, na baridi ya Juni na Julai inabisha hodi.

Hali hiyo ni hatari hasa kwa mche wa parachichi. Mizizi huvuta hewa kama kiumbe chochote chenye uhai. Maji yanapojaza vijitundu vya udongo, hewa hutoka na mizizi hufa. Tena, ugonjwa wa kuoza mizizi huletwa na kimelea kiitwacho fitoftora, ambacho mbegu zake huogelea katika maji yaliyotuama ardhini. Ubaridi nao huizuia mizizi mipya isichipue upesi. Majani hugeuka manjano na kunyong'onyea kana kwamba mti una kiu, naye mtunzaji, kwa huruma, huuongezea maji. Hapo maji huwa yamezidi unga. Kiangazi kikifika, mche ambao haukupata kujenga mizizi hukauka, na lawama hutupiwa jua au mchwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ya tatizo hili imo ndani ya Mbinga yenyewe. Wamatengo, waliosukumwa milimani na vita vya karne ya 19, walibuni kilimo cha ngoro. Nyasi hukatwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, na mteremko mzima hugeuka vishimo vilivyozungukwa na matuta. Maharage, na baadaye mahindi, hupandwa juu ya matuta. Kishimo hubaki kuwa mahali pa kupokea maji na kuzuia mmomonyoko. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Japani, walifika kujifunza maarifa hayo. Ni ajabu basi kumwagiza mkulima huyo huyo achimbe shimo refu katika udongo mzito, atie mche ndani yake, kisha amwone ukizama.

Utaratibu ufaao si mgumu. Kabla ya kupanda, lichimbwe shimo la majaribio lenye kina cha sentimita 60, lijazwe maji jioni na kukaguliwa asubuhi. Maji yakiwa bado yamo, mti usipandwe hapo, au upandwe juu ya tuta pana lenye kimo cha sentimita 30 hadi 50. Shingo ya mche isifukiwe, na mahali ulipobebeshwa pabaki juu ya udongo. Udongo ulioloa usishindiliwe kwa miguu. Matandazo yawekwe, lakini yasiguse shina. Mabondeni, ambako maji hutuama na baridi hushuka usiku, parachichi lisipelekwe kabisa.

Kwa walimu, kazi ya matuta na mashimo ya majaribio ifanywe Oktoba na Novemba, wanafunzi wakiwapo, ili miche ipandwe Januari shule zinapofunguliwa, wakati ardhi ingali na joto na mvua za kuikuza zingali mbele. Hilo litakuwa somo la sayansi lenye manufaa kuliko michoro mingi ya ubaoni. Kwa watumishi wa Halmashauri, miche ya matunda iagizwe mapema. Na ikichelewa, ibaki kitaluni chini ya uangalizi hadi msimu ufuatao. Kuchelewa mwaka mmoja ni hasara ndogo kuliko kupanda ili kutimiza taarifa.

Kwa maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Taarifa zetu huhesabu miche iliyopandwa, wala hazirudi Oktoba kuhesabu iliyo hai. Mkulima wa Mbinga, ambaye kwa miaka mingi ameitegemea kahawa, anatafuta zao la pili la kumwinua. Mparachichi uliobebeshwa humtaka angoje kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuvuna. Akipoteza miche mara mbili kwa maelekezo mabaya, hatapoteza fedha tu. Atapoteza imani kwa mtaalamu aliyemshauri, na imani hiyo haioteshwi kitaluni.

Viongozi wa wilaya na kata hawana budi kudai hesabu ya pili, ile ya miti iliyo hai, na kuipima kazi ya kila ofisi na kila shule kwa hesabu hiyo.