Mwenye Bandari Ndiye Mwenye Bahari, na Anga Pia

Wenzangu, hebu tuulizane. Aprili 2023 tulishangilia Taifa-1, setilaiti yetu, ikirushwa kutoka California. Mimi pia nilishangilia. Halafu nikakumbuka Ngomeni, kule Malindi. Kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini, Waitaliano walirusha setilaiti kwa roketi za Marekani tangu 1967 hadi 1988. Moja iliruka Jamhuri Dei ya 1970, ikaitwa Uhuru. Leo ya kwetu inaenda kuomba lifti Marekani!

Najua mtasema bei ya unga kwanza. Sawa, lakini habari za mvua na ukame zinatoka wapi, kama si huko juu? Anayeshika mlango ndiye anayepanga bei.

Mombasa ilishafunzwa somo hili. Wareno hawakuwa na meli za kujaza Bahari Hindi. Walishika milango tu: Msumbiji, Hormuz, Goa, Malaka, na 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Ukipita bila kartazi, yaani kibali chao, chombo chako kinatekwa. Mwaka 1890 Mahan, afisa wa jeshi la majini la Marekani, aliandika kwamba nguvu ya baharini ni biashara, meli na vituo. Wapangaji wa mikakati ya anga bado wanamsoma. Sisi je?

Darasani tunasoma Grotius, 1609: bahari ni huru kwa wote. Tamu kweli, ila alikuwa akiitetea kampuni ya Waholanzi iliyoteka meli ya Wareno. Uhuru huo uliwafaa wenye meli. Mkataba wa Anga wa 1967 nao unasema anga ni huru, hakuna dola ya kulimiliki. Mwaka 1976, kule Bogotá, Kenya na wenzake wa ikweta walidai mzingo ulio juu yao, karibu kilomita 36,000. Dunia ikakataa. Dai bila chombo ni karatasi.

Lakini mlango tunao. Karibu na ikweta dunia yenyewe inaisukuma roketi zaidi, na mashariki yetu ni bahari tupu. Serikali inalalia mali hii.

Basi tudai: kila mkataba wa Ngomeni ujadiliwe bungeni hadharani, wahandisi wetu wawe ndani si getini, wavuvi wa pale wasikizwe. Na chama chetu kiandike haya kwenye manifesto, kisingoje kuingia ikulu ndipo kianze kufikiri.

Wazee wetu walijengewa ngome wakitazama. Sisi tusitazame.