Klia Sio Uji: Acheni Kuzamisha Nganya Zenu

Wasee wa kuunda magari madogo, leo tuongee bila kupakana mafuta. Hii tabia ya kumwagia gari klia nene mara moja, ling'ae kama chupa ya soda, ushike simu upige video, laiki ziingie, halafu ujiite fundi, inafaa iishe. Si ati nakuonea wivu. Ni juu hiyo klia inaua kazi yako, inashusha bei ya kila mtu, na wengine wenu inawapeleka pabaya kuliko bei.

Mimi naunda nganya na mabasi hapa Voi. Kadibodi, plastiki ya paipu, bati la kopo, vioo vya kasha la CD. Barabara kuu ya Mombasa-Nairobi iko hapa mlangoni, kwa hivyo sihitaji mtu anielezee basi likoje. Nimeyaona yakipita tangu nikiwa mdogo. Na nakwambia hivi: hakuna basi hata moja kwa hiyo barabara limevaa klia kama zile mnapost.

Fanya hesabu kidogo, haitakuua. Klia ya gari la kweli huwa nyembamba sana, kama maikroni 50 hivi, yaani 0.05 mm. Hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Sasa wewe unaunda kwa skeli ya 1/24. Basi la mita 12 linakuwa sentimita 50. Ukimwaga klia ikafika nusu milimita, zidisha mara 24. Umelivalisha basi lako kioo cha milimita 12. Nani ashawahi kuona basi lina kioo cha sentimita moja na zaidi juu ya rangi? Ndio maana mistari ya milango inazama, rivet ulizozipanga usiku kucha zinapotea, na grili inajaa kama meno yenye ugali. Umekaa wiki mbili ukikata vitu vidogo kwa wembe, halafu dakika mbili za mwisho unavizika. Mimi hapo siwezi kukuita fundi. Hayo ni mazishi.

Najua jibu lenu: "Lakini wateja wanataka mng'aro." Sawa, wanataka. Lakini mng'aro hauletwi na unene. Unaletwa na usawa. Uso ukiwa laini kabisa, mwanga unarudi kwa njia moja na unaona sura yako. Uso ukiwa na mawimbi, hata ungekuwa na klia ya kidole kizima, taa itaonekana imepinda. Kwa hivyo anayetafuta mng'aro kwa kuongeza klia ni kama anayetafuta usafi kwa kuongeza sabuni bila kusugua.

Njia yenyewe hata si siri. Puliza koti ya kwanza nyepesi sana, kama ukungu, kopo likiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwa gari. Hiyo haitang'aa na haifai kung'aa, kazi yake ni kushika. Subiri dakika kumi, kumi na tano. Ongeza koti nyepesi nyingine mbili au tatu, mkono ukianza nje ya gari na kumalizia nje ya gari, usisimame mahali pamoja. Halafu, na hapa ndipo wengi wenu mnashindwa, liache. Siku kadhaa. Linuse. Kama bado lina harufu ya thina, bado halijakauka ndani, hata kama juu linaonekana gumu. Likishakauka kabisa, chukua msasa wa maji namba 2000, pitisha polepole na tone la sabuni kwa maji, kisha 3000, kisha kompaundi kwa kitambaa laini. Huna kompaundi? Hata dawa ya meno nyeupe inasaidia, ina chembe ndogo za kusugua. Kaa mbali na pembe na kingo, juu hapo klia huwa nyembamba na msasa utafika kwa rangi kabla hujajua.

Na kama umechora grafiti kwa kalamu ya wino, tafadhali jaribu klia kwa kipande cha pembeni kwanza. Thina iliyo ndani ya klia huyeyusha wino mwingi wa kalamu. Nimeona michoro mizuri sana, sura ya msanii na maandishi ya kila aina, ikigeuka machozi ya zambarau kwa koti moja nzito. Koti nyepesi zinakauka haraka na hazipati muda wa kuyeyusha. Koti nene ni bafu.

Sasa kuna wale wa kusema, "Wewe unaongea kama mtu wa Ulaya, hii ni Voi." Nakubali ni Voi. Udongo uleule unaofanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu ndio unaotua juu ya klia yako. Lakini vumbi ni sababu ya kupanga, sio sababu ya kulipua kazi. Mwaga maji sakafuni kabla ya kupuliza. Jifute mikono na nguo. Ukimaliza, funika gari na karai au boksi safi. Na ufanye asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, sio saa nane mchana.

Saa nane mchana ni shida nyingine. Jua la Voi linakausha matone ya klia hewani kabla hayajafika kwa gari. Yanatua yakiwa nusu makavu, hayaungani, na unapata uso wa ganda la chungwa. Halafu mtu anasema klia ni mbaya, anaongeza nyingine juu. Pandisha gari hilohilo Wundanyi, kwenye ukungu na baridi, kopo hilohilo linakuonyesha tabia tofauti kabisa: uso unageuka mweupe kama umemwagikiwa maziwa. Thina ikiondoka inapoza uso, unyevu wa hewa unatua pale na kunaswa. Ni mwendo wa saa moja na kitu kati ya hizo sehemu mbili, kaunti moja, na zinahitaji akili mbili. Sasa ile video umetoa kwa jamaa wa nchi nyingine, akiwa kwa chumba chenye mashine ya kukausha hewa, itakusaidia aje kama hujui hewa ya kwenu? Fundi wa hapa anafaa kujua mawingu ya hapa.

Nifike sasa kwa kitu kinachonikasirisha zaidi. Kuna ushauri unazunguka kati ya vijana wetu: ati klia ya kopo ni ya watoto, fundi wa ukweli anatumia klia ya gereji, ile ya kuchanganya na hadena. Kijana anaenda gereji, anaomba mabaki kwa chupa ya maji, anarudi nayo nyumbani, anapulizia ndani ya chumba. Chumba kimoja! Kitanda huku, jiko la gesi pale, mtoto wa dadake amelala.

Msee, skiza. Hiyo hadena huwa na kemikali zinaitwa aisosaianeti. Ni kati ya sababu zinazojulikana zaidi za pumu ya kazini kwa watu wanaopaka magari rangi. Ubaya wake ni kwamba mwili unaweza kuichukia milele. Ukishafika hapo, hata kiasi kidogo sana kinatosha kukufunga kifua. Na harufu haikupi onyo la maana, juu inaweza kukudhuru hata usipoinusa. Ile barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu korona haizuii mvuke. Hata kidogo. Wanaofanya kazi hii vizuri huvaa vifaa vinavyowaletea hewa safi kutoka nje ya chumba, na hufanyia mahali palipojengwa kwa kazi hiyo.

Utaniambia, "Mbona fundi wa gereji anapuliza bila kitu usoni na yuko sawa?" Kwanza, hujui kama yuko sawa. Umemwona akipuliza, hujamwona usiku akikohoa. Pili, yeye kukosa kinga si ushahidi kwamba kinga haihitajiki. Ni ushahidi tu kwamba hakuna mtu amemjali. Sisi ambao tunajua, na tunaunda kitu cha kuweka kwa meza, hatuna sababu ya kulipa na mapafu. Klia ya kopo ya kawaida, koti nyepesi, msasa na subira zitakupa uso ambao mteja hatautofautisha. Na hata hiyo ya kopo, pulizia nje, mbali na moto na mbali na watoto, juu thina yake inashika moto na inalevya. Ukitaka kulipasha kopo ili litoke laini, liweke kwa maji ya vuguvugu, usiwahi kuliweka juu ya jiko. Kopo la kupuliza juu ya moto ni bomu.

Mnasema mnafuata bei. Tuongee bei basi. Kaunti yetu inafaa kuelewa hii hadithi kuliko kaunti nyingi. Tuna tsavorite, kito cha kijani kilichopewa jina kutoka Tsavo. Likitoka shimoni linaweza kuonekana kama kipande cha chupa iliyovunjika. Anayelikata na kulisugua, hatua kwa hatua, kutoka unga mkwaruzo hadi unga laini, ndiye anayeligeuza kuwa kitu cha kuwekwa kwenye pete. Na kwa miaka mingi mawe mengi yametoka hapa yakiwa ghafi, wakasugua watu wa mbali, wakala faida ya kusugua. Tunalalamika kila siku kuhusu hilo. Halafu sisi wenyewe, na kitu tunachokiunda kwa mikono yetu kuanzia karatasi ya kwanza, tunakiuza kabla hatujakisugua. Mteja mmoja aliwahi kuniambia, "Si ni kikaratasi tu, punguza." Aliniudhi, lakini sikumlaumu sana. Ameona mabasi mangapi yenye klia ya mawimbi na alama za vidole? Alikuwa ananilipisha mimi sifa ambayo sisi sote tumeijenga. Kila basi bovu linalouzwa kwa haraka linamfundisha mteja mwingine kwamba hii ni mchezo wa watoto.

Na tusidanganyane kwamba kila kitu lazima king'ae. Safari Rally ya zamani ilikuwa inapita huku kwenye milima ya Taita. Angalia Datsun 240Z iliyoshinda mwaka wa 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa ndani. Mwili mwekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, ili jua lisimpige dereva machoni. Kampuni ya Hasegawa ya Japani hutengeneza hilo gari kwa skeli ya 1/24. Ukilipaka klia moja ya kung'aa kuanzia bampa hadi bampa, umeonyesha kwamba hukuliangalia. Nganya ni hivyo hivyo. Mwili ung'ae, sawa, hiyo ndiyo raha yake. Lakini tairi ni mpira, haling'ai kama kioo. Chini ya gari kuna vumbi na grisi. Ukipaka kila mahali sawa, mng'aro wenyewe unakosa maana, kwa sababu hauna kitu cha kulinganishwa nacho. Jicho linapenda mahali pa kupumzika.

Sisemi kila mtu awe na vifaa vya bei. Kila kitu nimetaja hapa, ukiondoa hiyo Datsun, kinapatikana kwa duka la hardware au kwa jikoni kwenu. Kile ambacho hakipatikani dukani ni siku tatu za kungoja, na hiyo ndiyo mnakataa kulipa. Simu imetuzoesha kwamba kazi ambayo haijapostiwa leo haipo. Na wazee walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Laiki mia tano zikikuambia uko juu, utaona msasa wa kazi gani? Lakini kamera ya simu ni mteja mpole sana. Inaangalia mara moja, kutoka upande mmoja, kwa taa uliyoichagua wewe. Mteja wa kweli atalibeba hilo basi, ataligeuza, atalipeleka dirishani, ataliweka sebuleni miaka mitano. Huyo ndiye hakimu wako.

Kwa hivyo, ndugu zangu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, ombi langu ni fupi. Koti nyepesi. Muda. Msasa. Hadena ibaki gereji. Na yeyote atakayewaambia kwamba fundi hupimwa kwa unene wa klia yake, muulizeni aliwahi kuona mkata vito akiongeza kitu juu ya jiwe ili ling'ae. Hawezi. Anapunguza, anapunguza, anapunguza, mpaka mwanga wenyewe unakubali kuingia.