Tumeshamwombea, Nani Anakwenda?



Theluji ya kwanza imeshaanguka Minneapolis na Saint Paul, na nia za maombi zinazoletwa kwenye jumuiya zetu zimebadilika, kama kawaida ya majira haya. Wakati wa joto tuliwaombea watoto waliomaliza shule na waliosafiri kwenda nyumbani. Sasa tunaombea magari yaliyogoma kuwaka, zamu zilizopunguzwa, bili za gesi, na migongo inayouma kwa kunyanyua wagonjwa usiku kucha kwenye nyumba za wazee. Mtu akitaja haja yake kwenye kundi la WhatsApp, haichukui muda simu zinajaa Amina. Naamini kwa moyo wote kwamba Mungu anayasikia maombi hayo. Ninachotaka tukiangalie katika toleo hili ni kinachofuata baada ya Amina, kwa sababu mara nyingi tunaagana bila mtu yeyote kuagizwa kitu.

Kwenye msiba hatuko hivyo. Habari ya kifo ikitoka asubuhi, jioni kamati imeshaundwa, mweka hazina anajulikana, sufuria kubwa zimeshatolewa gereji, na akina mama wamegawana wa kupika chai na wa kupika ubwabwa. Mwili ukihitajika Mwanza, Kisii au Bukavu, fedha zinapatikana. Ni jambo la kujivunia, na watoto wetu waliozaliwa huku wanajifunza utu kwa kutuona. Lakini wapo tuliochanga kuwarudisha nyumbani wakiwa kwenye jeneza, ambao enzi za uhai wao walikuwa wakipanda basi peke yao kwenda kusafishwa damu. Tulikuwa tukiwaombea kila wiki. Jina lilitajwa, tukasali, tukahamia jina linalofuata.

Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inatuhusu kuliko tunavyodhani. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa kanisa la maombi kwelikweli, na pia la kugawana mali. Barnaba, Mlawi mzaliwa wa Kipro, alikuwa ameshauza shamba lake na kuweka fedha miguuni pa mitume. Hata hivyo wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Hao walikuwa wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani, watu ambao familia zao zilikuwa zimeishi ughaibuni na lugha yao haikuwa ya wenyeji. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba kuna aliyewachukia. Hawakuonekana, basi. Mitume walipoletewa malalamiko hawakuwaambia watu wavumilie, wala hawakuitisha mkesha wa kuombea jambo hilo. Walitaka wachaguliwe watu saba, na majina yao tunayo mpaka leo, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Kwa hiyo inaelekea kazi ilikabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika, watu waliowajua wale wajane na kuongea lugha yao. Kisha mitume wakawaombea na kuwawekea mikono. Maombi yalikuwepo, na yalimkuta mtu ambaye tayari ana kazi ya kwenda kufanya.

Kwetu wajane hao ni akina nani? Kuna ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokuja huku kutoka Nyarugusu na kambi nyingine, ambao Kiswahili chao tunakisikia kanisani lakini kwenye kamati zetu hawamo. Kuna wanaofanya kazi kila Jumapili, ambao tumezoea kuwaita watoro wa ibada. Kuna wasio na karatasi, ambao hawatajaza fomu ya msaada hata kama friji ni tupu. Na kuna wazee wasiotumia WhatsApp, wakati sisi tumeifanya kuwa mlango pekee wa kuletea haja.

Nitatoa mfano mmoja, na mwenyewe ameniruhusu mradi nisimtaje. Mwezi uliopita jumuiya moja ilisali nyumbani kwa bibi aliyekulia Kivu na kuishi kambini Kigoma kwa muda mrefu. Majaketi ya wajukuu yalirundikwa mlangoni, na simu ilikuwa mezani ikiwa kwenye spika ili wawili waliokuwa kazini wasali nasi wakati wa mapumziko yao. Bibi alipoulizwa nia yake, alituomba tuwaombee wagonjwa wote na watoto walioko kwenye vita kule nyumbani. Kwa ajili yake hakuomba lolote. Tulipokuwa tukinywa chai, dada mmoja aliinua Biblia ya bibi na kuona chini yake bahasha za kampuni ya gesi, nyingine hazijafunguliwa. Zote zilikuwa kwa Kiingereza. Bibi alidhani angekatiwa joto siku yoyote, na alikuwa ameshaanza kuzima hita usiku ili gesi isiishe haraka.

Hapa Minnesota kuna kanuni inayowalinda wakazi wasikatiwe nishati ya kupasha nyumba joto kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, ila lazima uwasiliane na kampuni, mkubaliane mpango wa kulipa, na uufuate. Ukikaa kimya, kanuni hiyo haikukingi. Alichohitaji bibi yule ni mtu wa kukaa naye kwenye kochi, kupiga simu na kumtafsiria. Yule dada alifanya hivyo kesho yake kabla ya zamu yake ya mchana. Tungemwombea bibi mwaka mzima bila kulijua jambo hilo, kwa kuwa hakuwa amelitaja na sisi hatukuwa tumefika kwake.

Kufika ndiyo kazi yenyewe. Mtakatifu Yustino, mwalimu aliyetoka Palestina akaishi Roma, aliandika mnamo mwaka 155 jinsi Wakristo walivyosali Jumapili. Mashemasi walipeleka Ekaristi kwa wasiokuwepo, na matoleo yaliwekwa kwa kiongozi wa ibada ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni waliomo mjini. Yustino anayaeleza hayo yote kama ibada moja. Na Frédéric Ozanam na wenzake walipoanzisha Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mjini Paris mwaka 1833, walishika desturi ambayo wanachama wanaifuata hadi leo: kuwatembelea wahitaji nyumbani kwao, wawili wawili. Wawili wanasaidiana kuona, na hakuna anayegeuka mfadhili wa mtu mmoja.

Hapo nigusie desturi yetu ya kusoma majina ya waliotoa na kiasi walichotoa. Kwenye harambee ya ujenzi ina nafasi yake. Kwenye msaada wa mtu aliyeishiwa kodi ya nyumba, naomba tuiache kabisa, na jina la anayesaidiwa lisitoke midomoni mwa wale wawili waliokwenda na mweka hazina. Najua wapo walioacha kuja jumuiya baada ya kusaidiwa. Walisaidiwa, halafu wakahadithiwa.

Usiri huo usiwe kichaka cha kuficha hesabu. Mtume Paulo, ambaye mji wetu mmoja unabeba jina lake, alipochangisha makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu aliwaambia Wakorintho watenge kitu kila siku ya kwanza ya juma. Kisha akamtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, ili mtu asije akamlaumu kuhusu fedha zile. Nasi tunaweza kutangaza jumla iliyoingia, jumla iliyotoka na idadi ya familia, tukaishia hapo.

Pendekezo langu, ambalo wazee wa jumuiya wamekubali tulijaribu kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, ni hili: kila nia ya maombi inayomhusu mtu aliye hapa mjini isifungwe kwa Amina kabla mwenyekiti hajauliza nani atakwenda, na watu wawili hawajajibu. Pesa si sharti. Anayetaka kuingia kwenye zamu za wawili wawili amwone mzee wa jumuiya yake baada ya ibada. Amweleze siku ambazo hafanyi kazi usiku, lugha anazozijua zaidi ya Kiswahili, hasa Kiingereza, Kifaransa, Kirundi na Kinyarwanda, na kama gari lake lina kiti cha mtoto. Wanaofanya kazi Jumapili wapige simu, tutawafuata huko huko waliko.

Mhariri