MECHI IKIISHA, UTAMSALIMIA JIRANI?

 

Neno la leo ni 2 Samweli 2:12-28. Lisome polepole, kisha urudi hapa tuzungumze.

Abneri alikuwa jemadari wa nyumba ya Sauli. Yoabu alikuwa jemadari wa Daudi. Kambi mbili za siasa, kila moja na mfalme wake. Wakakutana Gibeoni, hawa wakaketi upande huu wa maji, wale upande ule. Abneri akatoa wazo: vijana wacheze kidogo, wakubwa watazame. Yoabu akakubali. Wakasimama vijana 12 kutoka kila upande.

Unajua mchezo huo uliishaje? Kila kijana alimkamata mwenzake kichwa akamchoma upanga ubavuni. Wote 24 wakaanguka pamoja. Kufikia jioni, Abneri alikuwa amepoteza watu 360. Upande wa Daudi walikosekana 20, mmoja wao Asaheli, ndugu yake Yoabu. Abneri na Yoabu walirudi makwao wakiwa hai.

Mpendwa, sisi wa Kuresoi hatuhitaji kuelezwa sura hiyo. Tuliiona 1992. Tukaiona 1997. Mwaka wa 2007 nyumba zilianza kuteketezwa hapa kwetu hata kabla kura hazijapigwa. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa la Kipentekoste lilichomwa likiwa na akina mama na watoto waliokimbilia humo. Kote nchini walikufa zaidi ya watu 1,100.

Sasa hesabu nami. Tarehe 28 Februari 2008, Kibaki na Raila walitia sahihi na kushikana mikono. Tarehe 9 Machi 2018, Uhuru na Raila walisalimiana. Tarehe 7 Machi 2025, Ruto na Raila walitia sahihi mkataba pale KICC. Wabunge wetu nao wana timu yao, Bunge FC. Wakienda michezo ya mabunge ya Afrika Mashariki, wa serikali na wa upinzani huvaa jezi moja. Aliyemtukana mwenzake jukwaani ndiye anayempigia pasi.

Mimi siwalaumu kwa hilo. Ni jambo jema! Nakuuliza wewe: kama wao wamepatana mara tatu, mbona wewe bado hununui viazi kwa jirani yako kwa sababu ya kura yake?

Najua vijana wengi sasa wanapenda mechi za amani, na wanasiasa wanapenda kuleta mipira na jezi. Karibuni. Lakini kabla refa hajapuliza kipenga, tujifunze kosa la Gibeoni. Wale vijana walikuja kucheza na panga kiunoni. Na wenye ugomvi waliketi, wakawatuma wasio na ugomvi.

Linganisha na Kapenguria. Mwaka wa 2003 dada yetu Tegla Loroupe, aliyeshinda mbio za New York 1994 na 1995, alianzisha mbio za amani. Aliwaita mashujaa wenyewe, Wapokot, Waturkana na majirani zao, watu waliokuwa wakiibiana mifugo na kuuana. Walioshika bunduki ndio waliokimbia, bega kwa bega. Hakutafuta watoto wa kuwakimbilia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mkiandaa mechi Keringet, Olenguruone au Kamara, msipange jamii hii dhidi ya jamii ile. Changanyeni timu. Mheshimiwa naye avue koti, aingie uwanjani na mpinzani wake wa 2027, wacheze upande mmoja. Na sisi tuache panga nyumbani. Panga la siku hizi liko kwenye simu. Ile sauti uliyotumiwa usiku kwenye kikundi cha WhatsApp, inayotaja kabila la mtu, ukiisambaza umeshauchomoa upanga.

Mechi ni dakika 90. Upatanisho ni kazi ya asubuhi inayofuata. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anatuagiza tuiache sadaka madhabahuni, tukapatane na ndugu kwanza. Hakusema tumsubiri aje. Alisema twende.

Na sisi wachungaji tusijifiche. Mwaka wa 2008, NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande. Mimi pia nitakiri langu. Baada ya uchaguzi wa 2022 nilikaa miezi mingi bila kumsalimia mzee mmoja tuliyepakana naye shamba. Nilikuwa nahubiri upendo Jumapili, na Jumatatu nazunguka njia ndefu nisipite langoni kwake. Siku nilipobisha hodi, alinikaribisha chai kabla sijamaliza kuomba msamaha. Nilitoka pale nimeaibika.

Jioni ile ya Gibeoni, Abneri ndiye aliyepaza sauti kuuliza kama upanga utaendelea kula watu milele, na Yoabu akapiga tarumbeta, vita vikakoma. Swali zuri, lakini lilikuja wakati maiti wameshalala. Wewe uliulize leo, uchaguzi ungali mbele.

Tuombe: Baba, uponye nchi yetu ya Mau. Vunja roho ya ukabila ndani yangu kabla hujaivunja kwa jirani. Unipe ujasiri wa kubisha hodi. Katika jina la Yesu.

Usiandike Amina hapa bado. Mpigie simu mtu huyo kwanza, kisha urudi uandike.